Makapi Nyuma ya Jabali

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nilipoulizwa swali dogo mbele ya watu nikajibu kwa neno moja tu: "Upo." Nilipaswa kukataa kulisema. Begani nilikuwa na mfuko wa turubai, ndani yake daftari, na daftari lile lilikuwa na jibu jingine. Sikulifungua. Nimeishi na neno hilo tangu siku ile, na leo nakuandikia kwa sababu nimeona nawe unakaribia kusema la namna hiyo hiyo.

Juzi ulinisomea kwenye simu yako tangazo la nafasi za watafiti vijana wa elimu ya mwendo wa maji na hewa. Ulisema wanataka barua ya mwalimu, na maelezo ya kazi uliyowahi kupima kwa mikono yako mwenyewe. Ukasema unayo moja tu, ile ya kuachia magunzi ya mahindi yaelee kwenye mtaro wa barabara ya Dodoma pale Ikungi wakati wa mvua, ukihesabu muda ambao gunzi linatumia kutoka kalvati moja hadi jingine. Ukaniuliza kama si afadhali uandike kitu kinachosikika vizuri zaidi, hata kama hukukifanya chote. Nilikuambia nina usingizi. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimerudi kwenye mchana ule.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tulihamia mahali palipo mwendo wa asubuhi moja kutoka Mungaa, kwenye uwanda wenye majabali makubwa, mengine yamebebana moja juu ya jingine. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuchaguliwa kuendelea. Nilirudi nyumbani na suruali moja nzuri na kiburi kingi. Baba alikuwa amefariki. Mdogo wake, Mzee Saidi, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi nilimwita baba mdogo, na hakuna asubuhi iliyopita bila mimi kwenda kumwamkia.

Mvua zilipokwisha akaja kijana kutoka chuo kikuu. Jina lake Zakaria, Mnyiramba wa Ulemo, amenizidi miaka sita au saba hivi. Tulimwita Ndugu Zakaria, kama ilivyokuwa kawaida ya siku zile. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza digrii yake, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza ya utafiti: kujua upepo wa kwetu unapitaje katikati ya majabali, ili ijulikane pampu za upepo zisimikwe wapi. Kijiji chetu kilikuwa kimeahidiwa pampu moja. Wachimbaji walikuwa wamepata maji mahali pawili, mbele ya ofisi ya kijiji na kando ya uwanja wa kupuria nafaka. Ilibidi pachaguliwe mahali pamoja tu.

Alikuja na chombo kimoja cha kupimia upepo, vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka juu ya fimbo. Chombo kimoja, na majabali hayana idadi. Alihitaji msaidizi anayejua hesabu, nikapewa kazi hiyo mimi. Nilidhani nitavaa koti jeupe.

Wiki ya kwanza hatukupima kitu. Alikaa kwenye jiwe akitazama wanawake wakipepeta uwele. Unajua wanavyofanya: mtu anainua ungo juu ya kichwa, anauinamisha kidogo kidogo, punje zinaanguka miguuni na upepo unachukua makapi. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Ndugu Zakaria aliona jambo ambalo mimi nililiona tangu utotoni bila kuliona. Kabla ya kuinua ungo, mama alisogea hatua tatu kushoto. Hakutazama popote, alisogea tu. Makapi yake yakaondoka yote. Wenzake wawili waliobaki palepale walirudishiwa makapi usoni, wakawa wanapiga chafya na kuchekana.

Akaenda, akachuchumaa, akamwamkia, akamuuliza kwa nini amesogea. Mama hakuwa na Kiswahili kingi. Alijibu kwa Kinyaturu, mimi nikatafsiri. Alisema upepo unapita kati ya yale mawe mawili kama ng'ombe wanavyopita kwenye lango la zizi, wote kwa pamoja na kwa haraka, na ukisimama pembeni ya lango utapata wale wanaozurura tu. Ndugu Zakaria akamuuliza kuhusu kule penye ofisi, nyuma ya jabali kubwa. Mama akacheka.

"Pale nilijaribu mwaka tuliohamia," alisema. "Makapi yote yalirudi kwenye ungo. Nyuma ya jiwe lile upepo unageuka, unarudi kwao."

Ndugu Zakaria aliandika maneno hayo kama yalivyo, na chini yake akaandika jina la aliyeyasema. Sikuwahi kuona msomi akiandika jina la mama mpepetaji kwenye daftari la kazi. Nilifikiri anatania.

Kesho yake akaniambia tukusanye makapi. Tulijaza magunia manne. Kuanzia hapo, kila siku saa nane mchana, upepo wa mashariki ukiwa umekaza, nilipanda juu ya mawe na debe, au nikasimama penye vigingi tulivyovipigilia ardhini, nikarusha makapi konzi kwa konzi. Yeye alikaa mbali na kuchora njia yalizopita. Kwenye karatasi yake njia zile zilionekana kama mapito ya mifugo: zinabanana kwenye lango kati ya mawe mawili, zinatawanyika, na nyuma ya jabali kubwa zinajikunja na kurudi.

Nakiri kwako kwamba niliona aibu. Kupepeta kwetu ni kazi ya wanawake, na mimi, kijana niliyesoma sekondari, nilikuwa nasimama juu ya jiwe kijiji kizima kikiniona, nimejaa makapi mpaka kwenye nyusi. Mama Hawa, jirani yetu, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, alimwita mama kwa sauti ili wote wasikie. "Mama Jumanne, kumbe kule sekondari walikuwa wanafundisha kupepeta? Ungetuambia, tungemfundisha hapa hapa." Wakanipa jina la Bwana Makapi. Ndugu Zakaria alicheka pamoja nao, akawaambia yeye ndiye mkubwa wa Bwana Makapi, kwa hiyo wamtafutie jina lililo baya zaidi. Mimi sikuweza kucheka. Hapo ndipo alipokuwa amenizidi, wala si kwa digrii.

Nilijifunza mengi kwake kwa kumtazama tu. Aliandika kwa kalamu ya wino. Akikosea alikata kwa mstari mmoja mwembamba ili kosa lisomeke, hakufuta. Siku ambayo hakuelewa alichokiona aliandika: "Leo sikuelewa." Nilimuuliza wakubwa wake watasemaje wakiona maneno hayo. Akasema hizo ndizo kurasa watakazozisoma kwanza. Jioni tukila ugali aliniambia habari za maabara yao Dar es Salaam, ambako kuna mfereji wenye kuta za kioo, maji yanapita ndani, wanaweka mawe ya ukubwa wa ngumi na kudondosha wino ili waone maji yanavyozunguka nyuma ya jiwe. Ule mzunguko, akasema, ni ndugu wa huu wa makapi yetu, na hesabu zake karibu ni zile zile. Nilikuwa nauwaza ule mfereji wa kioo. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuuona.

Kisha siku moja nikaona kitu mwenyewe. Nilikuwa nikidhani kwamba upepo ukizidi, lile eneo la makapi kurudi nyuma ya jabali litarefuka. Nilihesabu hatua siku za upepo mdogo, nikahesabu siku za upepo mkali. Halikurefuka. Makapi yalirudi kwa kasi zaidi, lakini kutoka palepale. Nilimwambia nikiwa na wasiwasi kwamba nimehesabu vibaya. Tukarudia siku tisa. Siku ya kumi akalifungua daftari, akaandika jambo lile, na mwisho wake akaweka: "Ameona Jumanne." Akasema mwalimu wake alimruhusu kuleta kijana mmoja mwenye elimu ya sekondari awe msaidizi wa maabara kwa miaka miwili, na akifanya vizuri asomeshwe zaidi. Alisema akimaliza msimu ataniandikia barua.

"Wako wengi wanaojua hesabu kukuzidi," aliniambia. "Mimi natafuta mtu atakayesema alichokiona."

Mwezi wa nane akaitwa chuoni kutoa taarifa. Aliniachia daftari na kazi ya kuendelea kupima. Agizo lake lilikuwa jepesi: mtu yeyote akiniuliza habari za upepo, nimpe daftari asome.

Hakuwa amemaliza wiki mbili lori likaja na pampu ya upepo, mapema kuliko tulivyotazamia. Mafundi walikuwa na siku chache tu. Baba mdogo alikuwa ameshaandaa mahali. Mbele ya ofisi, nyuma ya lile jabali kubwa, palikuwa pamefagiliwa na kupangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Usimdhanie vibaya. Hakuwa mwizi wala mwonevu. Alitaka wageni wakifika kijijini waone kwanza mnara wa maji, na watu wetu, waliokuwa wamevunja nyumba zao za zamani ili kuja hapa, waone wamepata kitu. Aliniita kando akaniambia uwanja wa kupuria umejificha, hakuna atakayeuona mtambo kule. Kisha akaniambia, "Wewe ni mtoto wetu. Usituangushe mbele ya watu."

Fundi mkuu alikuwa mtu makini. Alinitafuta katikati ya kundi akaniuliza kwa upole: "Kijana, nasikia ninyi mmepima. Upepo hapa upo?"

Wakati ule ule upepo ulikuwa unavuma kweli. Vumbi liliruka. Bendera ya ofisi ilikuwa inapepea upande mmoja, inakatika, inapepea upande wa pili, kisha inajizungusha kwenye mlingoti wake. Ingetosha mtu yeyote kuitazama. Mama alikuwa amesimama nyuma ya wenzake na ndoo yake. Alinitazama, akaitazama bendera, akanitazama tena. Baba mdogo alikuwa pembeni yangu, karibu kiasi cha kusikia harufu ya tumbaku yake. Mfuko wa turubai ulikuwa begani kwangu.

"Upo," nikasema.

Wala sikudanganya, nilijiambia, maana upepo ulikuwapo. Lakini fundi hakuwa akiuliza kama upepo upo, alikuwa akiuliza kama pampu itafanya kazi, na mimi nilijua hivyo. Alinipa karatasi, nikaandika jina langu, na chini yake "msaidizi wa utafiti". Watu wakapiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile hakuna aliyeniita Bwana Makapi.

Mnara ulisimama, mtambo ukazunguka, maji yakatoka siku ya kwanza, wanawake wakapiga vigelegele. Baada ya siku chache mkia wa mtambo ukaanza kuyumba huku na huku kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi, na mapanga ya gurudumu lake yakawa yanageuka kuutafuta upepo na kuukosa. Fimbo ya pampu ikakatika. Ikatengenezwa. Ikakatika tena, na mara ya tatu ikapinda pamoja na gurudumu lenyewe. Kuuhamishia mtambo kwenye uwanja wa kupuria kulihitaji lori, saruji na vipuri ambavyo havikupatikana tena. Wanawake wakarudi kwenye visima vya mchangani, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Mama aliniambia neno moja tu kuhusu jambo lile, tena akiwa anajitwisha ndoo. "Ungesema, mwanangu. Baba yako mdogo angekasirika mpaka mavuno, basi."

Ndugu Zakaria aliporudi alikwenda kwanza kwenye mtambo. Alizunguka mnara mara mbili. Kisha akaja nyumbani, akamwamkia mama, akaomba daftari. Alisoma kila ukurasa niliouandika akiwa hayupo. Nilitamani anifokee ili nipate la kujitetea.

"Daftari lako limesema kweli," alisema. "Umepima vizuri kuliko mimi. Wewe ndiye hukusema."

Nilimwambia habari za baba mdogo, na kundi la watu, na heshima. Alisikiliza yote. Akasema anaelewa, naye ana baba wadogo. Lakini kule maabara, akasema, hakuna anayesimama nyuma ya mwenzake kumwangalia anasoma nini kwenye kipimo. Akimpeleka mtu, amepeleka neno la mtu huyo, na wengine watajenga madaraja na mabwawa juu ya neno hilo. Barua asingeweza kuiandika mwaka ule.

Sikiliza hapa vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo kosa langu lilipozaa jingine. Hakunifungia mlango. Aliniambia mtambo ulioharibika ni kipimo kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Nibaki, nirushe makapi kuuzunguka mnara ule msimu mzima, niandike kwa nini ulivunjika, nianze na jina langu mwenyewe na jibu nililotoa. Akasema nikifanya hivyo ataniandikia barua nzuri kuliko ile ya kwanza. Mimi nikajiuliza nitasimamaje mbele ya kijiji, chini ya kosa langu, na debe la makapi. Nikaenda Ikungi kuwa karani wa ghala. Nilivaa shati jeupe. Kila kiangazi, saa nane mchana, nilisimama mlangoni mwa ghala nikitazama vumbi linavyojikunja nyuma ya ukuta, na sikuwa na wa kumwambia.

Miaka kadhaa baadaye nikaletewa bahasha kubwa kwa mkono wa mwalimu mmoja. Ndani yake mlikuwa na andiko la Ndugu Zakaria lililochapishwa, lenye michoro ile ile ya makapi, safi kabisa. Kwenye ukurasa wa pili alikuwa ametaja maneno ya mama na jina lake. Mbele kidogo, penye habari ya eneo la nyuma ya jabali lisilorefuka upepo ukizidi, aliandika kwamba jambo hilo aliliona kwanza Jumanne, msaidizi wake. Angeweza kuniacha nje, na nisingekuwa na la kusema. Yeye alisema kweli juu yangu, mimi niliyeshindwa kusema kweli juu ya upepo. Nilimsomea mama ukurasa ule kwa Kinyaturu. Aliniomba nirudie mahali penye jina lake, kisha akauliza kama waliosoma huko mbali wamejua kwamba unasogea kushoto.

Baba mdogo naye alikuja kuniomba radhi uzeeni, akilia. Nilimwambia hakuna la kuomba radhi. Yeye aliniomba tu nisiwaangushe, mimi ndiye niliyekubali.

Kwa hiyo andika magunzi yako. Andika kalvati, andika barabara, andika kwamba mvua ilikatika siku mbili ukakosa kupima, na kwamba gunzi moja lilinasa kwenye nyasi na hukujua ulihesabu vipi. Wanaotoa nafasi hizo wanavyo vyombo vyao, mwanangu, na watakufundisha kuvitumia. Mtu wa kusema alichokiona hawawezi kumtengeneza kule, lazima afike akiwa hivyo. Usione haya kuanza na kitu cha jikoni au cha shambani. Aliyekuonyesha jambo, hata kama hajui kusoma, mwandike jina. Ukikuta umekosea, na utakosea, rudi ukapime palepale ulipokosea, watu wakiwa wanakutazama na kukucheka. Na siku mkubwa wako unayempenda atakapokusogelea karibu na kukuomba usimwangushe, mwamkie, mheshimu, kisha fungua daftari.

Nakuombea Mungu akupe macho ya mama yangu, yaliyojua upepo bila kutazama, na moyo wa Ndugu Zakaria. Akufikishe kwenye ule mfereji wa kioo, na ukifika simama kidogo uutazame kwa niaba yangu. Safari yako iwe nyepesi, na neno lako liaminiwe kila utakapolisema.

Mimi sikuuona. Lile "upo" moja liliniondolea kazi pekee niliyokuwa na kipaji nayo, nikahesabu magunia mpaka nikastaafu, na mama yangu akabeba maji kichwani kutoka mchangani mpaka mwaka aliokufa.